Wiki Waliyomsifu Dada

Dada yangu alipoonekana kwenye televisheni mara ya kwanza, mama aliinuka kwenye benchi akaenda kugusa kioo. Tulikuwa kwenye mgahawa wa jirani yetu, karibu na soko la Ruangwa, mahali pekee mtaani petu palipokuwa na dishi na jenereta. Picha ilikuwa na chenga, na dada alikuwa humo ndani, mdogo, amevaa gauni la kung'aa ambalo halikuwa lake. Mama alimwita kwa Kimwera, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Hakuna aliyecheka.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, simu za mkononi zilipoanza kuenea kwetu. Dada alikwenda Dar es Salaam kumsaidia shangazi aliyejifungua, akasikia redioni kwamba wanatafutwa waimbaji. Alikuwa ameimba kwaya tangu utoto, tulipokuwa tunaishi Mnero, kabla baba hajatuhamishia Ruangwa. Hata sasa naiona ile asubuhi ya Mnero: sauti yake inatoka kanisani, inapita juu ya mikorosho iliyochanua, nami niko mbali na ndoo kichwani, sina hakika kama ninaisikia au nimeiota.

Shindano lilikuwa na majaji watatu. Aliyeogopwa ni yule wa katikati, mwenye miwani. Dada alipomaliza wimbo wake wa kwanza, jaji huyo alimwambia, "Sauti unayo, binti. Lakini hayo matamshi umeyatoa wapi?"

Ukumbi mzima ukacheka. Dada akatabasamu, akaangalia viatu vyake.

Huku kwetu mwenye mgahawa akasema, "Huyu anatucheka sisi," akachukua simu yake akatoka nje.

Tulimfuata. Mtandao ulikamata vizuri kwenye mwinuko wa barabara ya Nachingwea, na huko ndiko watu walikopanda jioni ile kutuma kura kwa ujumbe mfupi. Giza lilikuwa linaingia. Vioo vya simu viliwaka kimoja kimoja, vikasogea polepole kama vimulimuli, na upepo ulileta harufu ya moshi wa mashambani. Wanunuzi wa ufuta walikuwepo, na wauguzi, na majirani zetu Waislamu ambao hawakuwahi kusikia kwaya ya Mnero. Waliokuwa na simu walipiga kura kwa niaba ya wasiokuwa nazo. Mama, asiyejua kusoma, aliweka kidole juu ya kitufe, mimi nikakibonyeza pamoja naye.

Ikawa hivyo kila wiki. Jaji mwenye miwani alimponda dada: hajui kusimama, anaimba kama yuko shambani. Kila alipomponda, watu wengi zaidi walipanda mwinukoni. Ndugu zetu wa Nachingwea walituambia nako hali ni hiyo hiyo. Na kila wiki mtangazaji alitaja waliobaki, na dada alikuwemo.

Kisha ikaja ile wiki. Dada aliimba wimbo wa taratibu, amefumba macho, na hata jenereta nililisahau. Alipomaliza, jaji mwenye miwani aliivua, akasimama.

"Leo sina neno," alisema. "Mshindi tumeshampata."

Mgahawa ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mwenye mgahawa akagawa chai bure, watu wasiofahamiana wakakumbatiana. Furaha ile nilielea ndani yake kama mtu aliyelala majini. Mama ndiye aliyeuliza, "Kura mmeshapiga?"

"Mama, mtu kasifiwa na jaji yule," mwenye mgahawa alimjibu, "nani atamtoa?"

Barabara ya mwinukoni ilibaki tupu jioni ile.

Wiki iliyofuata mtangazaji alimtaja dada kuwa ndiye anayeaga. Akabaki kijana ambaye majaji walikuwa wamemponda vibaya sana. Nadhani na kwao walipanda mwinuko wao. Jaji mwenye miwani alitikisa kichwa. "Sisi tunasema tu," alisema, "wenye kuamua ni wananchi." Dada alimpa mkono, akamkumbatia yule kijana, kisha picha ikajaa chenga.

Alirudi kwa basi. Mwenye mgahawa alimpokea stendi, akambebea begi, na kabla hawajafika nyumbani akamweleza yote. "Tulidhani umeshapita, dada. Tukakaa tunakunywa chai." Dada alicheka mpaka akasimama njiani.

Mwaka huo aliolewa Nachingwea, akaanza kufundisha kwaya huko. Siku moja nilikwenda kumsaidia kupepeta ufuta, nikamwuliza: kama angechagua, angependa majaji waendelee kumponda ili abaki?

Alipepeta kwanza, makapi yakaruka na kumeta kwenye jua.

"Hapana," alisema. "Yule mzee alisimama, mdogo wangu. Wewe ulimwona kwenye kioo. Mimi nilikuwa mbele yake."

Akanipa ungo wa pili, tukaendelea.