Karatasi za Mwandiko Mmoja

Kwetu, watu wakikusanyika, kuna mtu mmoja anayeandika. Uwe msiba, iwe harusi, uwe mkutano wa akina mama, karatasi ya majina haizungushwi ovyo. Anapewa mwenye mwandiko mzuri, wenzake wanamtajia majina, naye anaandika. Katika kikundi chetu cha huku Woolwich, Uingereza, mtu huyo ni mimi. Masista wa Tanga walinichapa vidole mpaka herufi zikanyooka, na sioni haya kusema kwamba najivunia mwandiko wangu.

Mwandiko huohuo ndio uliotuponza.

Mume wangu alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Siku tatu kwa wiki alikuwa anakwenda kituo cha mchana, anafanyishwa mazoezi, anacheza karata na wenzake, anarudi ana la kusimulia. Siku hizo tatu ndizo zilizoniwezesha kwenda kazini, kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine. Halmashauri ikatangaza kuwa inakifunga. Nikamfuata diwani wetu maktabani, siku yake ya kusikiliza watu. Akaniambia hata yeye habari hiyo ameisoma kama nilivyoisoma mimi. Walioamua ni kabineti, madiwani tisa, na yeye hayumo. Sasa tulimchagua wa nini? Wa kukata utepe?

Jirani yetu mmoja, Mwingereza, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetufungua macho. Sheria, alisema, inawaruhusu wananchi kudai kura. Wapiga kura watano katika kila mia wakisaini, halmashauri italazimika kuwauliza watu wote: tuendelee na kabineti, au turudi kwenye kamati ambamo kila diwani, hata wetu, ana sauti juu ya mambo kama kituo? Alitugawia fomu zenye nafasi ya jina, anwani, sahihi na tarehe. Akasisitiza kila mtu asaini mwenyewe. Nilikuwa namimina chai, nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa kwamba kila mtu akubali mwenyewe, asiingizwe bila kujua.

Jumamosi ile kwenye kikundi nilikaa mezani, kalamu mkononi, wakaanza.

"Dada, niandikie mimi na mzee wangu."

"Na mimi, address yangu unayo."

"Muweke na mama mkwe. Hatoki kitandani, lakini hiyo council anaitukana kila siku."

Tulicheka. Niliandika majina, nikaandika nyumba na mitaa, na kwenye nafasi ya sahihi nikamtilia kila mmoja mkunjo wake, wenyewe au watu wao wamesimama pale wanaangalia. Hakuna aliyeshtuka. Wiki sita mfululizo nilifanya hivyo, kanisani na kwenye vikao, na jina la mume wangu nililiandika la kwanza kabisa. Zilipofika karatasi ishirini na sita nilimkabidhi mwalimu nikiwa kifua mbele.

Mwalimu alizirudisha mwenyewe jikoni kwangu. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Halmashauri imezikataa zote ishirini na sita, mwandiko mmoja, sahihi za mkono mmoja. Bila hizo idadi haitimii. Pengo lenyewe lilikuwa dogo, karatasi zangu zingeliziba na kubaki.

Binti yangu alikuwa anakunywa maji karibu na sinki. "Mum, you can't do that," akasema. "Everyone knows that."

Eti haifanywi hivyo, kila mtu anajua. Kila mtu nani? Mimi sikujua. Wanawake wote wale hawakujua. Hao watu ni wazima, wapo, majina yao yamo kwenye daftari la wapiga kura, wanafungua mlango ukibisha. Yule afisa wa halmashauri aliyezikagua angebisha mlango mmoja tu! Lakini hapana, aliona mwandiko mzuri akaona wizi. Nilimkasirikia siku mbili nzima, siku ya tatu nikajikasirikia mimi, kwa sababu maneno "asaini mwenyewe" niliyasikia kwa masikio yangu haya.

Tukaanza upya. Nilizunguka na fomu kila nilipotoka kazini. Huyu yuko zamu, yule amehamia Rayners Lane, nje ya halmashauri yetu, mwingine ananitazama kama nimechanganyikiwa.

"Dada, si nilishasaini?"

"Hukusaini. Nilisaini mimi."

"Sasa tofauti iko wapi, na mimi ndiye niliyekutuma?"

Moyoni nilikuwa upande wake. Nilimsukumia kalamu tu, akasaini huku amenuna.

Karatasi zilikuwa zinaongezeka, lakini polepole, na hata zikitimia, kura yenyewe haitapigwa kesho. Kituo hakikungoja. Kilifungwa Ijumaa moja saa kumi, wahudumu wakawagawia wazee keki. Nilimweleza mume wangu jioni ile, nikamweleza tena Jumapili. Alikuwa anaitikia.

Jumatatu nilimkuta amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa koti. Alikuwa amelifunga vifungo mwenyewe kwa mkono wa kushoto, vimekwenda upande. Nilichuchumaa mbele yake nikaanza kuvifungua, nikamwambia kwa mara ya tatu kwamba kituo hakipo, na kwamba nimepiga simu kazini kusema leo siendi.

Aliushika mkono wangu kwenye kifungo. Siku hizi maneno yake yanatoka moja moja.

"Lakini," akasema, "si ulituandika wote?"