Vidonge Nilivyovikata kwa Mkasi

Naikumbuka adhuhuri ile ya Gongoni, mwanangu Salma, nilipochukua mkasi wangu wa kushonea nikaikata pakiti ya vidonge vya kupanga uzazi vipande viwili. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Lakini ya leo imezidi. Jana nilikusikia jikoni kwangu ukicheka, ukiwaambia wenzako waliokuja kumenya vitunguu vya shughuli kwamba vidonge vyako umevitupa jaani siku kumi na moja zilizopita. Mmoja akakupongeza. Akasema vidonge vile ni chaki tupu, na shahidi akamtaja kwa jina: hata Bi Mwanakombo alimeza, na mimba akashika.

Bi Mwanakombo ni mimi. Nilikuwa mlangoni na sinia la mchele mkononi, nikasikia neno kwa neno. Mtu mzima na mvi zangu, nikaweka sinia chini nikarudi chumbani kama niliyefumaniwa. Ndiyo maana nimekuita. Keti hapo, simu iweke kando, na usinikatize mpaka nimalize. Wewe ni mke wa mwanangu, lakini nakwita mwanangu kwa sababu ndivyo ulivyo kwangu, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi.

Wakati ule tulikaa Gongoni, chumba kimoja na jiko la nje. Mume wangu Hamadi alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na watoto wawili, huyu Athmani mumeo na dada yake, na wote wawili nilipasuliwa ndipo wakatoka. Daktari wa Malindi alinionya waziwazi: mshono wa ndani haujapona, usishike mimba mpaka ipite miaka miwili kamili, la sivyo utaachia na utakufa wewe na mtoto. Nawe uliambiwa hivyo hivyo, Salma. Nilikuwepo, nilikuwa nimekushikia mkoba. Na huyo mtoto wako wa pili hata kusimama hajajua.

Basi nikaenda zahanati kwa Sista Dama. Alikuwa Mgiriama wa Ganze, mrefu, sauti ya kukwaruza, hajui kumbembeleza mtu. Akanipima presha, akaniuliza maswali hata ya kunitia haya, ndipo akanipa vidonge. Vyeupe ishirini na kimoja, vya kahawia saba. Akanieleza kwamba kazi ya kuzuia mimba ni ya vile vyeupe. Vya kahawia ni vya kuongeza damu tu, vimewekwa hapo ili mkono usisahau desturi ya kumeza kila siku. Nami nikawa naitikia naam Sista, naam Sista, huku akili yangu iko nyumbani kwa samaki niliyemwacha bila kifuniko na paka wa jirani.

Miezi minane nilimeza vizuri, kila siku baada ya chakula cha mchana, na hapakutokea lolote. Ramadhani ilipokaribia nikahamishia wakati wa futari. Hilo nililijua, sikuwa mjinga kiasi hicho. Ujinga wangu ulikuwa kwengine.

Aliyekuja siku ile ni Zuhura, dada yake Hamadi, wifi yangu. Alikuwa ameolewa Malindi, mwaka mmoja na miezi tu, kwenye nyumba ya wanawake wengi, wakwe na mawifi na mashangazi, ambako Ramadhani yote watu huangaliana nani amefunga na nani amekula. Alikuwa ameona haya mwaka uliotangulia, kula mchana kwa ajili ya siku zake mbele ya macho yale yote. Safari hii alitaka kufunga mwezi mzima, thelathini bila kukosa hata siku moja. Na alikuwa amesikia kwamba vidonge kama vyangu, mtu akivimeza mapema, vinaizuia damu isije kwa wakati wake. Kwenda mwenyewe kwa Sista hakuthubutu. Angeonekana bi harusi ambaye hata mtoto hana, anatafuta dawa ya kupanga uzazi, na habari ingefika kwa wakwe kabla yake. Akanishika mkono, akaniambia, nipe vya siku kumi tu, wifi, Mungu atakulipa.

Nikampa. Pakiti ilikuwa mpya, haijaguswa. Nikakata vyeupe kumi, nikafunga kwenye kipande cha khanga, akaondoka anacheka. Wala sikumuuliza kama ana presha. Nilikuwa nani mimi hata nigawe dawa? Nashona marinda ya watoto na kujifanya daktari.

Sikiliza sasa nilivyofanya, maana hapa ndipo penyewe. Nilimeza vyeupe vyangu kumi na kimoja vilivyobaki. Vilipokwisha nikaingia kwenye vile saba vya kahawia, nikijiambia kidonge ni kidonge. Navyo vilipokwisha nikakaa siku kumi nzima bila kitu, nikingojea tarehe ya pakiti nyingine ambayo Sista aliniandikia kwenye kadi. Jumla siku kumi na saba, mwanangu, siku kumi na saba sina kinga yoyote, na wala sikuwa na wasiwasi hata chembe. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya neno. Wanawake wote wa Gongoni tulikuwa tukisema fulani amefunga uzazi. Nami nilijiona nimefunga, kama mtu aliyefunga mlango na ufunguo akautia mfukoni. Miezi minane imefungwa, siku chache zitafungua nini?

Idi ikaja katika siku hizo hizo. Hamadi akapewa mapumziko. Mengine huhitaji kuambiwa.

Miezi miwili baadaye nilikwenda kwa Sista Dama nimefura kwa hasira, nikiwa na kile kipande cha pakiti mkononi, nikamtupia mezani. Nikamwambia dawa zake hazifai, nimemeza na nina mimba. Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ule ukingo ulionyooka. Akaniuliza nusu ya pili iko wapi. Nikasema imeliwa na panya.

"Panya wa kwenu ana mkasi?" akasema.

Nilianza kulia, nikamwambia yote. Nilidhani atanihurumia. Alisimama, akafunga mlango wa chumba, na nikasemwa siku hiyo kama sijawahi kusemwa na mama yangu mzazi. Na alisema kweli tupu, ndiyo maana nimeikumbuka.

"Wewe wafunga Ramadhani," aliniambia. "Ukifunga jana, leo ukala, umefunga?"

Nikasema la.

"Basi ndivyo vilivyo vidonge hivi. Hakuna mlango uliofungwa. Kila siku unafunga upya, na siku usiyomeza hujafunga. Usije hapa ukatukana dawa ambayo hukuimeza."

Kisha akaketi, akanieleza tena mambo ambayo mara ya kwanza niliyaitikia naam bila kuyasikia. Akasema hataniongopea, hakuna dawa isiyokosea kabisa. Lakini ukiwachukua wanawake mia wanaomeza kila siku bila kuruka, mwaka mzima utapita na huenda asishike mimba hata mmoja, au akashika mmoja. Wachukue mia wengine wanaomeza kibinadamu, leo kasahau, kesho kachelewa kuanza pakiti mpya, mtondo kamgawia wifi, hapo watashika kama saba. Na mia wasiotumia kitu chochote? Zaidi ya themanini, akasema, kabla mwaka haujaisha. Dawa ni ile ile moja, Mwanakombo, kinachotofautiana ni mikono.

Hapo ningeweza kurudi nyumbani nikasema ukweli. Sikusema. Nilimkuta mama mkwe barazani, Zuhura naye amekuja kutembea, ameketi ubavuni mwake. Alikuwa amefunga thelathini. Iwe ni vidonge au ni mwili wake tu, mimi sijui, ila alikuwa amesifiwa Malindi nzima. Mama mkwe alipoijua mimba yangu akapiga kofi pajani, akasema alijua tangu mwanzo, vidonge vile ni chaki, wanatuchezea. Zuhura akaniangalia. Macho yake yaliniomba nisimtoe. Nami nikatazama chini, nikasema, ndiyo mama, nilimeza. Basi. Maneno matatu, na uongo ukatoka na miguu yake, ukazunguka Gongoni, ukaja mpaka hapa Malindi, na jana uliingia jikoni kwangu ukamenya vitunguu na wewe.

Unataka kujua mimba ile iliishaje. Athmani hakukwambia kwa sababu hajui. Mwezi wa nane wa mimba mshono uliachia, kama daktari alivyosema. Nilipakiwa kwenye gari la chumvi, juu ya magunia, hadi Malindi. Niliamka siku ya pili. Mtoto alikuwa wa kike na hakulia hata mara moja. Hamadi alikuwa ameshamzika. Na kizazi kilikuwa kimetolewa, maana damu ilikataa kusimama. Miaka ishirini na sita, Salma. Ndipo uzazi wangu ulipofungwa kwelikweli, na sikuulizwa.

Watu walikuja kunipa pole, na kila aliyekuja alisema vidonge ndivyo vilivyoniponza. Nikapokea pole zao. Wangapi waliviacha kwa ajili yangu? Sijui. Sitaki kujua na nalazimika kujua, kwa sababu mmoja wao ni wewe, umeketi mbele yangu na tumbo lililoshonwa mara mbili. Nina hasira na wale wenzako wanaotoa fatwa za dawa huku wanamenya vitunguu. Nina hasira nawe, msomi wa kidato cha nne, mwenye simu ya kuuliza chochote, ukavitupa vidonge vyako kwa hadithi ya jikoni na hukuja kuniuliza mimi mwenyewe niliye chumba cha pili. Lakini wa kwanza wa kulaumiwa amekaa kwenye mkeka huu, na ni mimi. Asubuhi nimempigia simu Zuhura, nimemwambia leo nasema. Akasema, "Sema, wifi. Ningekuwa na moyo ningesema mimi."

Sasa nasaha yangu, na uisikie vizuri, wewe na kila binti utakayempelekea. Vidonge vinafanya kazi. Havifanyi kazi jaani, havifanyi kazi mkobani, wala kwenye mwili wa wifi yako havikukingi wewe. Meza kila siku wakati mmoja, uwe na desturi moja ya kukukumbusha. Ukisahau kimoja, kimeze pale pale unapokumbuka, hata kama siku hiyo vitakuwa viwili. Ukikosa viwili au zaidi, endelea kumeza, lakini mumeo atumie mpira siku saba, na umuulize muuguzi, usimuulize jirani. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, jihesabu hukumeza. Ukiandikiwa dawa za kifua kikuu au za kifafa, sema kwamba unameza vidonge, zipo zinazovipunguza nguvu. Pakiti mpya usiichelewe hata siku moja, hapo ndipo wengi huanguka. Na magonjwa ya zinaa vidonge havizuii, asikudanganye mtu.

Ramadhani ikija, meza wakati wa futari au daku. Ukitaka kuzuia siku zako ili ufunge mwezi, nenda mwenyewe zahanati upimwe, upewe vyako. Dawa ya mwenzio usiiombe na yako usiigawe, hata kwa dada wa mumeo, hata akulilie. Na kama unajijua ni msahaulifu, hapana aibu, kuna sindano na kuna kijiti cha mkononi, uliza kinachokufaa. Lakini usiwaambie watu umemeza kitu ambacho hukukimeza. Ukikosea, sema umekosea. Atakayekucheka atacheka wiki moja.

Usilie sasa. Siku kumi na moja si kidogo, lakini si mwisho wa dunia. Tunakwenda zahanati mimi na wewe, upimwe, na lolote tutakalolikuta tutalibeba pamoja, na daktari atajua mapema kwamba tumbo hili limeshonwa mara mbili. Tukirudi, wale wenzako watakuwa jikoni wanapika, na mimi nitaingia niwaambie Bi Mwanakombo alifanya nini na mkasi wake, mbele ya wote.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu. Akupe watoto kwa wakati ambao mwili wako uko tayari kuwabeba, akupe umri wa kuwaona wakiota ndevu na kuvaa dhahabu, na akuepushe na aibu ile iliyonifunga mdomo mimi. Haya, vaa buibui, mtoto nipe mimi nimbebe.