Duka Halina Masikio

Miaka ya tisini sikukaa mahali pamoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na lori lolote lililotoka Lodwar lilikuwa langu, liende litakako. Ndiyo maana shangazi aliponipata Kakuma alinishika kwanza mkono, kisha akanipa kalamu.

"Keti. Leo huendi."

Alikuwa mjane mwenye mbuzi kadhaa na duka la mabati la vyumba viwili. Mbuzi hawakumsumbua. Kila mmoja alikuwa na alama ya kukatwa sikioni, na hata mtoto alijua yupi ni wa nani. "Lakini duka halina masikio," akasema. Alitaka liwe la mjukuu wake, yatima wa darasa la tano, na mwalimu wa msichana huyo alisimamie mpaka amalize shule. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikwisha kuanza kulipima kwa hatua.

"Si mimi nimshikie?"

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Utalipakia kwenye lori."

Nikaandika wosia. Tukawaita jamaa wote waliopewa kitu, hata mbuzi mmoja, wakaweka kidole gumba kama mashahidi ili baadaye asiwepo wa kukana. Nikaupeleka Lodwar nikijiona wakili. Karani aliyejua sheria aliusoma, akavitazama vile vidole, akavua miwani.

"Hii ni harambee? Anayepewa hafai kuwa shahidi. Andika upya, tafuta wawili wasiopata kitu, na mwenyewe aweke kidole mbele yao."

Nikarudi Kakuma. Shida ni kwamba shangazi alikuwa amemwahidi kila mtu mbuzi. Katika ukoo mzima asiyepata kitu alikuwa mmoja tu, naye ndiye tuliyekuwa tukimficha jambo hili. Nje ya ukoo tulimpata mama wa Kisudani aliyeuza chai jirani. "Mimi niliacha nyumba kwetu bila karatasi," akasema. "Leta wino."

Kwa shahidi wa pili, shangazi alifikiri kidogo, akatabasamu.

"Nenda kwa shemeji. Mwambie nahitaji mwanamume wa heshima."

Alifika upesi, fimbo na kigoda mkononi, akasalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mke wa ndugu yangu! Sasa umepata akili."

Watu walijaa mlangoni. Shangazi aliweka kidole, mama wa chai akaweka, na shemeji akakandamiza chake kama anayeua kupe. Kisha akaniamuru nisome palipo na jina lake.

"Hapa chini. Shahidi."

"Na huko juu?"

"Shahidi hapewi, shemeji," shangazi akasema kwa upole. "Ndiyo sheria. Kwa hiyo anachaguliwa mtu asiye na tamaa."

Mlangoni waliangua kicheko. Nilidhani ataichana ile karatasi. Alitema mate kando, akawatazama watu wale wote, akaagiza chai.

Shangazi alifariki miaka michache baadaye, nami nikafika nikiwa nimechelewa mazishi. Binamu wawili wa mumewe walikuwa wamesimama dukani na kufuli mpya. Shemeji alikuwa ameziba mlango kwa fimbo.

"Ni la mtoto!" alifoka. "Mnataka kuniita mwongo? Kidole changu kiko pale!"

Nyuma yake, mjukuu alikuwa akimpimia mteja sukari.