Risiti ya Kodi na Koti la Baba

Mimi sijui kungoja. Mama alikuwa akisema hata tumboni nilimpiga mateke kabla ya wakati wake. Kwa hivyo wiki ile ya fomu nusura niwe kichaa.

Nilikuwa nimeitwa chuo cha ualimu. Karo ilikuwa imetushinda, lakini ofisi ya elimu pale Nakuru ilitoa msaada kwa watoto wa wazazi wasiojiweza. Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja tu. Niliijaza Jumatatu kabla chai haijapoa, ukabaki mstari mmoja: baba analipa kodi ya daraja gani, na risiti yake iambatanishwe. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Jumamosi saa sita mchana.

"Baba, naomba risiti ya kodi."

"Nitaitafuta," akasema.

Kuitafuta! Baba alikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka la Mhindi, na alijua kila kifungo kimo katika kopo gani. Tena hakuna mwanamume aliyethubutu kutembea mjini siku zile bila risiti ya kodi mfukoni, maana askari alikuwa akikusimamisha popote. Nilijua anayo. Sikujua kwa nini ananizungusha.

Jumanne nikaenda verandani mara mbili. Jumatano mara tatu. Nilisimama karibu na mashine, nikatembea mpaka kona, nikarudi. Yeye alishona tu, amevaa koti lake jeusi kama kawaida, hata jua la saa nane likiwa linachoma. Koti hilo liliachwa na mteja aliyehama asirudi kulichukua, na baba alilivaa kazini, kanisani, sokoni. Watu walimwita Bwana Mkubwa, naye alipenda.

"Keti, mtoto. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, baba."

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi asubuhi, baba akioga nyuma ya nyumba, niliona koti limetundikwa kwenye msumari. Nikatia mkono mfukoni. Ndiyo, niliiba, sitaficha. Risiti ilikuwa imekunjwa mara nne, na nilipoikunjua nikaisoma mara mbili. Baba yangu alikuwa akilipa kodi ya daraja la juu, sawa na makarani na wenye maduka. Ni nani angempa msaada mtoto wa mtu kama huyo?

Nilimkimbilia mama jikoni. Alitazama risiti, akaendelea kukoroga uji.

"Unakumbuka mwaka jana, kaka yako alipokuwa akitaka kuoa?"

Nilikumbuka. Mwaka huo kodi ilikuwa imeacha kuwa sawa kwa wote. Kila mtu alipimwa kwa mapato yake, na kwa watu wasio na mwajiri, kama baba, kamati ya wazee wa mtaa ndiyo iliyouliza na kuamua. Siku ya baba kuulizwa, mmoja wa wazee watatu mezani alikuwa baba wa msichana ambaye kaka alikuwa akimposa. Baba aliulizwa ana mashine ngapi. Akasema mbili. Ya pili ilikuwa ya Mhindi. Akaulizwa wateja, akawaongeza. Mzee yule akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na binti akatolewa. Sasa shemeji yangu alikuwa na mtoto mgongoni, na baba alikuwa bado akilipia mdomo wake.

Niliondoka hata uji sijanywa. Nilimkuta verandani akipima suruali ya mtu.

"Watoto wa vibarua watasoma," nilimwambia, "mimi nizuiwe na majivuno yako! Heri ningezaliwa na mtu maskini!"

Yule mteja akageuza uso. Baba aliitoa tepu shingoni, akaikunja polepole. Nilitaka anipige, ingekuwa rahisi zaidi. Niliona haya papo hapo, lakini hasira ilikuwa imeshatangulia, na mimi si mtu wa kurudi nyuma.

"Kesho kamati inakaa," akasema. "Uje."

Ijumaa tulikwenda. Wazee walikuwa walewale watatu, na karani mmoja mwenye muhuri. Mkwe wetu alikuwa ameketi katikati. Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli mbele yake, huketi ukanyoosha miguu, huvui hata koti. Baba alisimama mbele ya meza, mikono nyuma.

"Nimekuja kurekebisha mapato yangu. Mwaka jana nilisema uongo."

Karani akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Mzee, kila mtu anataka kushushiwa kodi. Wewe na koti hilo, nani atakuamini?"

Baba alifungua kifungo cha kwanza, kisha cha pili, akavua koti mbele ya mkwe wake.

Kola ya shati ilikuwa nzuri, na mikono kuanzia kwenye kiwiko kushuka. Kwingine kote lilikuwa gunia la unga. Alipogeuka wamwone mgongo, herufi za kinu cha unga zilikuwa bado zinasomeka, zimepauka. Mshono wake ulikuwa safi ajabu. Ndipo nikaelewa kwa nini shati lile mama alilifua mwenyewe, na kwa nini halikuanikwa nje hata siku moja.

Hakuna aliyecheka. Mkwe aliinamisha macho mezani.

"Kwa hivyo nilimtoa binti yangu kwa uongo."

"Ndiyo, mkwe. Lakini uliza kama amewahi kulala njaa kwangu."

Mimi nilikuwa nikibana vidole vya miguu ndani ya viatu, nikitaka kupiga kelele. Mwishowe mkwe alimwambia karani, bila kuinua macho, "Andika. Daraja la chini."

Tulipotoka nje baba alikuwa ameshavaa koti, amefunga vifungo vyote. Alisimama barabarani, akanipa barua ya karani, ya kuambatanisha na fomu badala ya risiti.

"Ulitaka baba maskini," akasema. "Haya, shika. Ana mpaka muhuri."

Hakuwa akitania. Niliipokea kwa mikono miwili, nikatazama chini. Jumamosi nilifika ofisi ya elimu kabla haijafunguliwa.

Msaada nilipata, na ualimu nikaufanya mpaka nikazeeka nao. Shati la kwanza la dukani baba alilonunuliwa maishani nilimnunulia mimi. Alilipokea, akashukuru, akalivaa ndani ya koti lilelile. Kumwambia "baba, nisamehe" ndiko kulikonishinda. Mimi nisiyejua kungoja nilimngojesha neno hilo moja mpaka tukamzika.