Mama Deo na Simu za Kubipu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila ninapoikumbuka inanibidi nikae kwanza. Ilikuwa Matai, kwenye matanga, na ndani ya khanga nilikuwa nimekunja karatasi mbili ili upepo usizichukue. Nilikuwa kijana bado, mdomo wangu ni wembe, na nilikuwa nimejiandaa kumwumbua mtu mbele ya ukoo wake mzima. Acha nianzie nyuma kidogo ili unielewe.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la intaneti pale Mazwi, mjini. Nyie mnaotembea na intaneti mfukoni mtacheka, lakini sisi tulikuwa tunaifuata, tena kwa foleni. Mtu mwenye ndugu nje ya nchi alikuja kwetu nikampigia kwa kompyuta, maana kwa simu ya kawaida salio lilikuwa linaisha kabla salamu hazijaisha. Programu yenyewe ilikuwa inahifadhi kila simu iliyopigwa. Kila mwisho wa mwezi nilizitoa zote na kuzihamishia kwenye jedwali la Excel: tarehe, saa, namba iliyopigiwa, na muda wa maongezi. Mwenye duka alitaka kuona kazi imekwendaje. Kwangu ilikuwa kazi ya kuchosha macho tu.

Mama Deo alikuwa mteja wangu wa Jumamosi. Alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Matai, sweta limevaliwa juu ya khanga mbili kwa ile baridi yetu ya Ufipa, na mara nyingi aliniletea unga wa ulezi kwenye mfuko. Mwanawe Deogratias alikwenda nje kusoma, akamaliza, akabaki hukohuko, kisha akanyamaza. Mama alikuwa na namba yake kwenye kipande cha karatasi kilichochakaa. Vile vya kuvaa masikioni hakuvipenda, kwa hiyo nilifungulia sauti kwenye spika, nikabonyeza namba, tukasikiliza wote wawili. Ikishalia mara mbili ananigusa bega.

"Kata, mwanangu. Ameshaona. Atapiga mwenyewe."

Alikuwa anabipu. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mzazi anabipu, mtoto mwenye uwezo anapiga. Mzazi kung'ang'ania simu ilie mpaka ipokelewe ilionekana kama kuomba, na Mama Deo hakuwa mtu wa kuomba. Shida ni kwamba kwa simu ya kompyuta huwezi kubipu. Yule wa huko anaona namba ngeni, ndefu, ambayo hata akiirudia haimfikishi kwa mtu. Nilijitahidi kumweleza.

"Mama, tuiache ilie mpaka apokee. Kwake inatokea namba asiyoijua. Hawezi kujua ni wewe."

"Mtoto asimjue mama yake?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Kata."

Nikakata. Ningefanyaje? Alikuwa rika la mama yangu mzazi.

Siku moja tu Deo aliwahi kupokea kabla sijakata. Tukasikia, "Haloo? Haloo?" Mama Deo akaruka kwenye kiti, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na kicheko kikamtoka hivyohivyo katikati ya vidole, machozi yanatiririka. Hakuweza kusema hata neno moja. Deo akakata. Nikamwambia tupige tena, akakataa katakata.

"Mzima! Umemsikia? Deo wangu mzima. Sasa atapiga tu."

Aliondoka anaimba nyimbo za kanisani, watu wa barabarani wanageuka kumwangalia.

Deo hakupiga. Mama akaanza kukohoa na kukonda, sweta likawa linaning'inia mwilini. Jumamosi zake zikapungua, halafu zikakoma. Habari za msiba zilinifikia akiwa ameshazikwa. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi kwenda kuhani.

Nilikuta msiba umegeuka kesi. Deo alikuwa amefika baada ya mazishi, maana taarifa aliipata kwa mtu mwingine wa huku kwetu aliyekuwa huko nje. Alisimama katikati ya wazee, macho mekundu, akauliza kwa nini mama yake ameugua miezi yote hiyo na yeye hakuambiwa. Dada yake Sesilia, aliyekuwa akiishi na mama na kumwuguza, akajibu kwa upole.

"Deo, mama alikuwa anakwenda mjini kila Jumamosi kuongea na wewe. Akirudi anatuambia mmeongea, na umetusalimia."

"Mimi sijaongea na mama. Unadanganya, dada."

Hapo ndipo maneno yakaanza. Ukoo ukaona Sesilia kaficha ugonjwa kwa makusudi ili nyumba na shamba vibaki mikononi mwake. Wakasema matanga yakishaanuliwa, afungashe yeye na wanawe. Yule dada wa watu alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga. Mimi moyo uliniuma, kwa sababu nilielewa palepale. Mama Deo alikuwa anarudi nyumbani na salamu za kutunga. Aliona aibu kusema kwamba mwanawe hapatikani, akamsitiri, na sasa sitara yake ilikuwa inamfukuza binti yake nyumbani.

Kwa maneno matupu nisingeaminiwa. Kesho yake nilirudi Mazwi, nikafungua programu, nikazitoa simu zote na kuziingiza kwenye jedwali. Za watu wengine nikaziondoa, hazikuwahusu watu wa Matai. Nikabakiza namba ya Deo peke yake, nikachapisha. Mwanangu, lile jedwali lilinitisha. Safu ya muda ilikuwa sifuri juu, sifuri chini, ukurasa wa kwanza na wa pili. Mstari mmoja tu, katikati ya karatasi, ulikuwa na sekunde chache.

Nikarudi Matai nimefura. Nia yangu ilikuwa kusimama na kusoma mstari kwa mstari, ili kila mtu ajue ni nani aliyemtelekeza mama. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu, na yalikuwa makali kwelikweli.

Mwenye kuongoza kikao alikuwa Babu Kaloli, kaka wa marehemu, katekista mstaafu. Nilimwamkia shikamoo, nikamwonyesha karatasi na kumweleza nia yangu. Alivaa miwani, akashusha kidole taratibu kwenye ile safu mpaka mwisho. Alipoinua uso alikuwa amezeeka zaidi.

"Binti, haya maumivu ni ya nani?"

"Ya Deo, babu."

"Basi mbona unataka kuwagawia hawa wengine kwanza?"

Nikamwambia Sesilia anaonewa, na mimi siwezi kunyamaza.

"Nani kakwambia unyamaze? Sesilia hatoki kwenye nyumba hii, mimi nipo. Lakini dada yangu ameacha watoto wawili tu. Ukimvua nguo huyu hapa hadharani, atamchukia dada yake mpaka kufa, na hapo tutakuwa tumezika watatu. Mpelekee ndani aisome yeye. Akitoka, aseme kwa kinywa chake."

"Na asiposema?"

"Asiposema, nitakuita wewe usome, na mdomo huo unao."

Nilinywea, mwanangu. Hasira niliyokuwa nimeibeba tangu Mazwi niliiona ilivyokuwa: nilitaka kumsaidia Sesilia, ndiyo, lakini nilitaka pia kumwona yule kijana anaumia.

Nilimkuta Deo amekaa kwenye kitanda cha mama yake. Nikajitambulisha, nikampa karatasi, nikamweleza kila safu ina maana gani.

"Sifuri ndiyo nini?" akauliza.

"Hukupokea. Alikuwa anabipu. Alitegemea utapiga."

Alitazama ile namba yake iliyojirudia kuanzia juu hadi chini. "Nilikuwa naona namba za ajabu zinalia na kukatika. Nilijua matapeli." Akavuta pumzi. "Nilikuwa bado sina kazi ya maana, dada. Nilitaka mambo yakae sawa kwanza ndipo nimpigie."

Kidole chake kikafika kwenye ule mstari wa katikati, kikasimama.

"Hii nilipokea," akasema polepole. "Naikumbuka. Nilisema haloo, nikasikia mtu anacheka. Nikajua wananichezea, nikakata."

Nilitamani nisiwe mimi wa kumwambia, lakini hakukuwa na mwingine aliyekuwepo siku ile.

"Alikuwa mama yako," nikasema. "Alifurahi kusikia sauti yako mpaka maneno yakamkataa. Alitoka pale anaimba."

Deo alilia kilio ambacho hata leo nikikaa kimya nakisikia.

Alipotoka, hakungoja kuulizwa. Alikwenda moja kwa moja alipokaa Sesilia, akapiga magoti kwenye vumbi, karatasi mkononi.

"Dada hakudanganya. Mama alinitafuta kila Jumamosi, mimi ndiye sikupatikana. Zile salamu alizokuletea alizitunga mwenyewe ili msinichukie."

Sesilia alimshika kichwa, akamlaza mapajani, wakalia pamoja. Wale waliosema afungashe waliinama kutazama miguu yao. Sesilia yupo kwenye ile nyumba mpaka leo, na Deo humpigia kila Jumamosi. Dada hupokea hata akiwa na unga mikononi.

Sasa mwanangu, nimekusimulia haya kwa sababu nakuona nawe unafunga safari. Ukimkumbuka mzazi wako, mpigie siku hiyohiyo na shida zako zote, hana haja ya kukusubiri ufanikiwe. Na wewe ukiwa na wa kumtafuta, mtafute kwa sauti, umtajie jina lako, usimwachie akisie. Na siku ukishika mkononi ukweli unaomwumiza mtu, mpe mwenyewe kwanza, faraghani, umpe nafasi ya kuutoa nje kwa miguu yake. Mimi nilikaribia kuikosa njia hiyo, akanishika mkono mzee mmoja.

Mungu akutunze huko uendako. Akupe watu wa kukutafuta, na siku simu ikilia ukasikia mtu anacheka tu bila kusema neno, akujalie usikate.