Siku Uwanja Ulipojaa na Barabara Yetu Ikabaki Tupu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposimama katikati ya barabara kubwa ya Bukavu, mchana, jua likiwaka. Nilitazama upande wa juu, nikatazama upande wa ziwa, sikuona mtu hata mmoja. Milango yote ilikuwa imefungwa. Na saa hiyohiyo nilisikia mji mzima ukipiga kelele kwa pamoja kutoka uwanja wa mpira, hata mabati ya nyumba zetu yakatetemeka. Nilishikwa na baridi katika jua lile. 

Jana ulinieleza kwa furaha kwamba mjini watajenga uwanja mpya, na kwamba unataka kuuza kiwanja cha Bagira alichokuachia baba yako ufungue restaurant karibu nao. Nakujibu sasa, na unisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, nami nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Mama yangu, Maman Nsimire, alikuwa mjane mwenye restaurant ndogo kwenye barabara ile. Aliuza foufou, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, maharage na samaki. Waliokula kwake walikuwa makarani na watu wa madukani. Kisha maduka ya wageni yakachukuliwa na Serikali, yakapewa watu wenye majina makubwa. Hao wakauza vilivyokuwemo ndani, wakafunga milango, wakaenda zao. Walaji wetu wakapungua, na jioni tulikuwa tunakula wenyewe kile tulichopika.

Ndipo uwanja ukaanza kujengwa, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Kila Jumamosi tulipelekwa salongo, ile kazi ya lazima ya Serikali, tukabeba mawe kichwani. Mkubwa mmoja wa mji alipanda juu ya rundo la mchanga akatuambia kwamba uwanja ukimalizika, centre-ville, yaani katikati ya mji, itafufuka, kwa sababu watu watashuka kutoka mitaa ya Kadutu na Bagira, hata kijiji cha Miti, na wote watakuwa na njaa na kiu. Tulipiga makofi. Unafikiri tungefanya nini? Mtu anayeona mlango wake unafungika hupenda kusikia neno kama lile.

Mama aliamini kuliko wote. Aliuza shamba letu la Miti, lile ambalo nyanya yangu alililima mpaka mgongo ukapinda. Akanunua meza na masufuria makubwa, akapaka kuta chokaa nyeupe. Nami nilifurahi pamoja naye, nisikudanganye.

Siku ya kufungua uwanja tuliamka mapema sana. Tulichinja mbuzi, tukapika mpaka moshi ukatutoa machozi. Kabla ya saa sita wakaja askari, wakigonga kila mlango kwa kitako cha bunduki na kusema kwa Lingala, "Kanga porte," yaani tufunge.

Mama alitoka akiwa bado ameshika mwiko. Alimwambia mkubwa wao kwa heshima, "Mon commandant, chakula iko tayari. Batu batakula wapi?"

"Leo hakuna kazi, maman. Mukubwa ametoka Kinshasa, mji yote inapashwa kuwa ku stade. Mulango yenye itabakia wazi, mwenyewe atafungwa, atalala ku cachot."

Mama aliweka mwiko chini, akachukua ufunguo. Uwanja uliojengwa ili restaurant yetu ipate watu ndio uliokuja kuifunga. Akazungusha ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, akaenda na wenzake kuimba na kucheza mbele ya wakubwa. Mimi nilijificha jikoni nichunge moto. Baadaye nikatokea mlango wa nyuma, ndipo nikasimama barabarani kama nilivyokuambia.

Mpira ulipoisha tuliruhusiwa kufungua. Mama akarudi mbio, akafunga kitenge safi, tukasimama mlangoni tukisubiri. Kumbe askari walikuwa wameziba barabara yetu ili magari ya wakubwa yapite kwanza. Watu wakapitia njia za nyuma kuelekea Kadutu. Wa Bagira walipakiwa kwenye malori, nayo yakapita mbele yetu baada ya wakubwa, watu wakiimba, wakatupungia mikono. Mtu mmoja tu ndiye aliyeingia. Aliomba maji ya kunywa. Mama akampa, naye akashukuru, akaenda.

Mama aliketi chini, sakafuni, katikati ya zile meza mpya. Sikuwa nimemwona akiketi chini mbele ya mlango wazi hata siku baba alipokufa. Mimi nikaanza kuwatukana watu wa mji, nikisema hawana shukrani. Akainua uso, akanikemea kwa sauti ya chini.

"Usibatukane. Balikuya juu ya mupira, mupira imeisha, barudie kwabo. Ni mimi njo niliota njaa yabo. Inuka, tubebe hii chakula."

Tukabeba masufuria mpaka hospitali, kwa sababu pale nje walilala watu wenye kulinda wagonjwa wao, wametoka mbali, Bunyakiri na Mwenga, bila jiko wala ndugu mjini. Walikula wakashiba. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa alimshika mama mkono, akamuuliza, "Maman, na kesho utakuya?"

Mama alikwenda kesho yake, na siku zilizofuata. Restaurant ya barabarani tuliiacha. Tulipika pale hospitali chini ya turubai, na turubai lile ndilo lililotulisha na kuwasomesha wadogo zangu. Lakini shamba halikurudi. Kila tulipopita Miti, mama alitazama upande mwingine wa gari.

Uwanja nao ulibaki. Jumapili nyingine nilikwenda, nikapiga kelele kama wengine, kwa maana mpira ni furaha na watu wanahitaji furaha. Ila barabara ile haikufufuka. Jumatatu milango ilikuwa imefungwa vilevile.

Basi, mwanangu, usiuze kiwanja cha baba yako kwa ajili ya siku ya sherehe. Nenda kwanza ukasimame mahali pale siku ya kazi ya kawaida, isiyo na sherehe. Tazama wanaopita, waulize wanakwenda wapi na wanakosa nini. Uliza pia ni nani atakayeamuru mlango wako ufungwe siku wakubwa wakija. Na mtu akikuahidi umati, mwombe akuonyeshe mmoja atakayerudi kesho.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kazi ambayo watu wataitafuta hata mvua ikinyesha, na ardhi ya baba yako aiache mikononi mwako mpaka uwagawie watoto wako.