Foo-wili Kwenye Barabara Kavu

Mwaka 2013 nilikuwa msimamizi wa magari katika shirika moja la misaada Kasulu, na niliapa kwamba dereva wetu, Mzee Bukuru, anatuibia dizeli. Nikapeleka barua ya kumfukuza. Mkuu wetu, mama asiyependa maneno mengi, akataka ushahidi.

Basi nikapima mwenyewe dizeli ya kutosha safari, nikashika usukani, nikawapakia wote wawili kwenda Kibondo. Nikaingiza gia ya foo-wili nzito kwa mbwembwe, maana niliamini magurudumu manne yakisaidiana injini haichoki. Barabara ilikuwa kavu, vumbi tupu. Gari likanguruma na kutambaa kama trekta, nami nikalisifia nguvu. Hata nusu ya njia hatujafika, likazima. Tangi lilikuwa tupu.

"Sasa hapa nani kaiba?" mama akauliza.

Mzee Bukuru akakohoa. "Hakuna mwizi, mama. Foo-wili ni ya matope. Kwenye barabara kavu inakunywa dizeli bure. Lakini bosi ametuandikia amri tusiitoe kamwe."

Mama akanigeukia. "Umeandika hivyo kweli?"

Nikajibu kwamba nimeandika, na mhuri nimegonga.